Tumbo Lililobeba Uzima



Mama mmoja, mzazi wa watoto wanne, alimwendea padre akamwuliza: “Je, Padre, ni dhambi kupasuliwa tumbo ili lirudi kama lilivyokuwa siku ya arusi yangu?” Padre akataka kujua sababu. Mama akainama, akajibu: “Mume wangu hunicheka mbele ya watu.” Swali lilikuwa moja, kumbe ndani yake yalikuwamo mawili, nasi yatupasa kuyajibu yote.

Kwanza, upasuaji wenyewe. Wakati wa mimba misuli ya mbele ya tumbo huachana ili mtoto apate nafasi, na ngozi hutanuka. Kwa akina mama wengi misuli hiyo hukaribiana tena yenyewe baada ya wiki au miezi. Kwa wengine mwanya hubaki, na pengine hutokea ngiri ya kitovu. Mama wa namna hiyo asione haya kwenda hospitali. Mabibi zetu walimfunga mzazi tumbo kwa kanga ili kumtegemeza. Leo wapo pia wataalamu wanaofundisha mazoezi ya kuyapa matumbo nguvu, nayo huwafaa wengi.

Yasipotosha hayo, upasuaji upo. Daktari hukata ngozi chini ya tumbo, toka nyonga hata nyonga, huishona misuli iliyoachana, kisha huondoa ngozi iliyolegea. Iko njia nyingine ya kunyonya mafuta kwa mrija, lakini hiyo haikazi misuli. Wala si mambo ya mchezo. Kovu hubaki maisha yote. Damu yaweza kutoka nyingi, kidonda chaweza kuoza, na damu yaweza kuganda miguuni ikapanda mpaka mapafuni na kumwua mtu. Kwa wiki kadha mama hawezi kuinua mzigo, wala kumbeba mtoto wake mgongoni. Tena, akipata mimba nyingine, tumbo laweza kulegea upya. Ndiyo sababu madaktari humshauri angoje yule anayetazamia kuzaa tena.

Basi, ni dhambi? Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki kwake, Baba Mtakatifu Pio XII alisema na madaktari wa Italia wenye kazi hiyo. Aliwafundisha ya kuwa uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa liko chini ya mema yaliyo makubwa zaidi. Na kwamba upasuaji huo si mbaya kwa wenyewe, bali hupimwa kwa nia ya mtu, kwa hali yake na kwa hatari iliyopo. Kwa hiyo mama anayetibiwa ngiri, au anayetaka kuondolewa taabu ya kweli, asisumbuke moyoni. Lakini anayehatarisha uhai wake, au kutumia karo ya watoto, kwa ajili ya majivuno tu, huyo na ajihoji mbele ya Mungu.

Sasa swali la pili, nalo ni lako wewe, baba. Mkeo hakuulizia ngiri wala maumivu. Aliulizia kisu kwa sababu ya ulimi wako. Je, tumbo lile lilitanuka kwa kazi gani, kama si kwa kuwabeba wanao? Wewe wajivunia watoto barazani, kisha walicheka tumbo lililowaleta! Bwana wetu alipofufuka katika utukufu, hakuzifuta alama za misumari. Alimwonyesha Toma mikono yake na ubavu wake. Alama za upendo hazikumwaibisha. Mbona wewe waziaibisha alama za mkeo, aliyetoa mwili wake ili wengine wapate kuishi?

Hakuna daktari awezaye kushona neno lililokwisha kutoka kinywani. Dawa yake ni moja: kuomba msamaha. Ulimcheka mbele ya watu. Basi mheshimu mbele ya watu hao hao, na leo hii, kabla ya sala ya jioni, mwambie asante.

Nawe mama, ukienda kwa daktari, nenda kwa kutafuta afya, usiende kwa kuogopa kudharauliwa. Mwenyezi Mungu, aliyependa Mwanawe akae miezi tisa tumboni mwa Bikira Maria, anajua thamani ya tumbo lako.