Je, Uso ni Pambo?

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa gonjwa la dunia nzima. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza akatangazwa Tanzania. Hapo swali gumu liliwaangukia madaktari wapasuaji wa kila nchi: ni nani apasuliwe sasa, na nani aambiwe angoje? Gonjwa limetulia, lakini swali halikufa nalo. Yafaa tulitazame wakati wa utulivu, kwa maana siku ya hofu si siku ya kufikiri vema.

Tuchukue mfano wa saratani ya kichwa na shingo: ya ulimi, ya taya, ya koo, ya ngozi ya uso. Watu wa kando ya Ziwa Viktoria waijua. Huwapata hasa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kule Ukerewe na Usukumani si wachache. Ngozi yao haina rangi ya kuikinga, nao hulima na kuvua chini ya jua lile lile linalotuwakia sote, hata kidonda kidogo cha sikio au cha mdomo kikageuka saratani.

Katika ugonjwa huu kukata peke yake hakutoshi. Mpasuaji akiondoa sehemu ya taya au ya ulimi, huacha pengo. Pengo hilo huzibwa kwa nyama na ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi njia iliyo bora ni kutoa kipande cha nyama, pengine pamoja na mfupa wa mguu, na kuunga mishipa yake ya damu na ile ya shingo kwa hadubini. Kazi hiyo huweza kuchukua kutwa nzima, na baadaye mgonjwa huhitaji uangalizi wa usiku na mchana. Wakati wa korona vitanda vya uangalizi huo ndivyo vilivyogombewa duniani. Tena, apasuaye kinywa na koo huinama juu ya pumzi ya mgonjwa. Naye pia ana mke na watoto wanaomngoja nyumbani.

Basi husemwa: "Tuondoe saratani, uso tuuache. Uhai kwanza, uzuri baadaye." Neno hilo lina sura ya busara, lakini laudhani uso kuwa pambo. Mtu aliyekatwa taya asijengewe nyingine hatafuni, na maji humponyoka. Aliyepoteza ulimi hawezi kumwita mwanawe kwa jina. Msukuma huanza siku yake kwa "Mwangaluka", na salamu zetu si neno moja, ni mazungumzo mazima. Twala pamoja katika sahani moja. Aliyetengwa na salamu na chakula ametengwa na watu, ingawa bado anapumua. Kumjengea kinywa ni kumrudisha kwao.

Haya si mawazo mapya. Mwaka 1917 daktari Harold Gillies alianza kazi katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, akiwajengea nyuso askari walioharibiwa na risasi na mizinga. Mwaka uliofuata homa ya mafua iliua mamilioni ulimwenguni, lakini kazi ile haikuachwa.

Hata hivyo kitanda ni kimoja, na asiyepata pumzi ana haki yake. Tufanyeje? Papa Pius XII, akisema na madaktari mwezi Novemba 1957, alifundisha kwamba kwa kawaida mtu hulazimika kutumia njia za kawaida tu za kulinda uhai, zisizomletea yeye wala mwenziwe mzigo mzito mno, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati. Hapa ndipo penye mwanga. Nyakati huweza kubadili njia. Haziwezi kubadili thamani ya mtu. Mwaka 2020 wapasuaji wengi waliiacha ile kazi ya kutwa nzima, wakageuza nyama ya kifua, ikingali imeshikana na mishipa yake, wakaipitisha chini ya ngozi mpaka tayani. Si nzuri kama ile ya kwanza, lakini huchukua saa chache, na kinywa hufungika. Huko ni kupunguza bila kutupa.

Na kungoja? Subira yavuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Vipo vidonda vya ngozi vinavyokua polepole, ambavyo huweza kungoja. Saratani ya ulimi haingoji. Miezi michache yatosha kuifanya isikatike tena. Kwa hiyo amwambiaye mgonjwa angoje ampe na siku ya kurudi. Kumwambia "ngoja" bila siku ni kumfukuza kwa adabu.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mwaka 2020 mgonjwa wa Sengerema alivuka kwa kivuko pale Busisi, katikati ya msongamano wa watu, ili afike Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wazee husema mgonjwa haulizwi uji. Vivyo hivyo asiulizwe kama ataka kusindikizwa. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu kionyeshwe kwa daktari. Mtoto mwenye ualbino avalishwe kofia pana na mikono mirefu. Na yule arudiye kutoka hospitali na kovu usoni, tumtazame machoni, tumsalimu kwa kirefu, tumkaribishe kwenye sahani. Kazi aliyoianza daktari kwa kisu, sisi ndio tutakaoimaliza.