Mkomamanga wa Marehemu na Maji ya Udhu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, masika yamekaribia, na kila mwenye kiwanja hivi sasa anafikiri atapanda nini uani kwake. Sisi watu wa mwambao tangu zamani hatukukosa kitu uani, japo kichaka cha mrihani, mwasumini wa kikuba na mpera wa watoto. Lakini jamaa zetu wengi siku hizi wamehamia bara, na khasa Kitengela na Kajiado, kwa kazi na kwa bei ya viwanja, na wengine tulio huku Mombasa na Malindi tumekwisha nunua vipande huko vya futi hamsini kwa mia tukitia nia ya kujenga. Kwa sababu hiyo nimeona niyaandike niliyoyaona huko, kwani ndani yake mna mas'ala ya dini ambayo twayapuuza.

Mwezi wa Februari tulikwenda Kitengela kwa arubaini ya mjomba wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Juu ya arubaini yenyewe na masufuria yake nimekwisha sema mara nyingi katika darasa zetu, na mwenye kutaka kujua sunna atazame alivyoamrisha Mtume s.a.w. alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta: watu ndio waliotakiwa kuwapikia wafiwa, si wafiwa kuwapikia watu. Walakini si hilo nilitakalo leo.

Marehemu alikuwa mpenzi wa miti. Alipohamia huko alijaribu mnazi kwanza, akachekwa, na mnazi ukafa, kwa kuwa Kitengela ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai mnazi hauiwezi. Kisha akapanda mkomamanga mmoja, mpera na milimau miwili. Mkomamanga ulimkubali. Tulipofika tuliukuta umesimama pembeni mwa ua, majani yamekunjamana, na matawi ya juu yamekwisha kauka. Kiasi cha hatua kumi kutoka hapo ndipo palipowekwa pipa la maji na mabirika ya kutawadhia wageni. Magharibi ilipoingia tulitawadha, nami nikiwa miongoni mwao, na maji yakapita juu ya saruji, yakaingia mferejini, yakatoka nje barabarani. Ndani wakasoma khitma kumwombea marehemu thawabu. Nje sadaka yake mwenyewe ilikuwa ikifa kwa kiu, na maji yakipita mbele yake.

Nilimwuliza mwanawe mkubwa kwa nini hawaunyweshi. Akanijibu, "Kaka, maji hapa twayanunua kwa boza. Ya kupikia hayatoshi, tutapata wapi ya kumwagia miti?" Jawabu hii ni ya kweli, wala sikumlaumu. Lakini usiku ule sikulala vyema, nikawa nahesabu. Tuliotawadha jioni ile hatukupungua watu arubaini. Tukikadiria kuwa kila mmoja wetu alimwaga lita tatu tu, na wengi tulimwaga zaidi, hizo ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita ishirini. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. akitawadha kwa mudi moja ya maji, na mudi haifiki lita moja. Lau tungefuata sunna yake, watu arubaini wasingemaliza mitungi miwili. Na hata hiyo miwili isingekuwa na haja ya kwenda barabarani.

Nasema haya kwa sababu wako wanaodhani ya kuwa maji yaliyokwisha tumika katika udhu hayafai kitu tena. Hilo ni kosa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, maji yaliyotumika katika udhu wa faradhi au josho la faradhi ni tohara, ila hayatoharishi, maana yake huwezi kutawadhia mara ya pili. Mti hauna haja ya kutawadha. Lenye kuutosha ni kuwa maji hayo ni tohara na hayana sumu. Basi mwenye kujenga Kitengela, au popote pale, kabla ya kumwaga saruji ua mzima, na aache mfereji mdogo utokao penye bomba la udhu mpaka kwenye mashina ya miti. Gharama yake ni jembe na asubuhi moja. Na misikiti yetu, ambayo kila siku mara tano humwaga maji yasiyo na hesabu, ina haki zaidi ya kuanza.

Maji ya kufulia na kuoshea vyombo, yenye sabuni, yaelekezwe kwenye miti mikubwa, yasimwagwe juu ya mchicha na sukuma wiki, wala yasimwagwe mahali pamoja siku zote. Ama maji ya choo ni najisi, na ni maradhi kabla hujauliza hukumu yake. Mboga iliyomwagiwa maji machafu hueneza homa ya matumbo na kipindupindu, na Muislamu si halali yake kumlisha jirani kitu asichojua kilinyweshwa nini.

Tusidhani kuwa ni jambo dogo kuhifadhi maji katika nchi ile. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nyanda za Kajiado hupata kama nusu yake, na pengine chini ya hapo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 ilikosekana misimu mitano ya mvua mfululizo, Wamaasai wakapoteza ng'ombe kwa maelfu. Kisha Aprili 2024 mvua ikaja kwa kishindo, mito ikafurika Athi River na Kitengela, na maji yakaingia majumbani. Maji ya visima virefu nayo yana floraidi nyingi sehemu nyingi za Kajiado, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, na mahali pengine yana chumvi ya kuunguza majani. Mvua ndiyo maji mazuri kuliko yote huko, nayo hushuka bure juu ya mabati. Bati la mita 80 za mraba, ikinyesha mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,600. Asiye na tangi angalau aweke mapipa.

Tukirudi kwenye sadaka. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Anas, Mtume s.a.w. ametujulisha kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa mpandaji kuwa ni sadaka. Na katika riwaya ya Muslim kwa Jabir imetajwa hata kilichoibiwa, na kwamba thawabu hiyo yaendelea mpaka Siku ya Kiyama. Hebu tazameni jinsi fadhila hii ilivyo pana! Mbuzi wa jirani akipenya uani akala majani ya mpera wako, una haki ya kumtaka mwenyewe amfunge, lakini alichokwisha kula hakikupotea kwako. Na tazameni pia kwamba katika riwaya za Muslim Mtume s.a.w. aliingia katika mitende ya Ummu Mubashir, mwanamke wa Kiansari, akauliza habari ya mpandaji wake. Kwa hiyo wasituambie wanaume wetu kwamba bustani si kazi ya mwanamke mwenye heshima.

Walakini mti uliopandwa kwa dhuluma haumpi mtu thawabu. Huko Kitengela, na huku kwetu vile vile, nimeona ua wa michongoma umepandwa nje ya jiwe la mpaka, futi mbili tatu za barabara zikaingizwa ndani, na mwenye kufanya hivyo yuko safu ya mbele msikitini. Je, hakusikia onyo la Mtume s.a.w. juu ya mwenye kuchukua hata shibiri moja ya ardhi isiyo yake? Na jambo jingine ni maji ya mvua. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa hufura na hauyamezi maji upesi, na ukikauka hupasuka. Mtu huinua kiwanja chake kwa kifusi, akakisakafia chote, na mvua yote ikateremkia kwa jirani wa chini. Zubair bin Awwam alipogombana na jirani yake juu ya mfereji wa kunyweshea mitende, hukumu ya Mtume s.a.w. ilikuwa na mambo mawili: wa juu anyweshe kadiri ya haki yake, kisha amwachilie wa chini. Ikiwa maji ya manufaa yamewekewa mpaka, maji ya madhara tutayamwagaje ovyo? Ua wenye miti na majani hunywa sehemu ya mvua hiyo, ua wa saruji haunywi kitu.

Ama namna ya kupanda, wajuzi wa huko waliniambia, na nikaona ni sawa, kwamba shimo lichimbwe kabla ya mvua, futi mbili kwa mbili, udongo wa juu utengwe na wa chini, na ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mche uvuliwe mfuko wake wa plastiki. Nimeona miche iliyopandwa na mifuko yake, ikafia humo. Katika udongo mweusi pasipotoka maji, mche uinuliwe juu kidogo usisimame tope. Mti mkubwa usiwe karibu na ukuta wala na shimo la choo. Shina lifunikwe nyasi kavu. Tarehe 13 Novemba 2023 na tarehe 10 Mei 2024 serikali ya Kenya ilitoa siku za mapumziko ili watu wapande miti, na jambo hilo ni jema. Lakini mwulize aliyepanda siku hiyo kama alirudi kuutazama.

Ndugu mmoja wa darasa ameuliza juu ya samadi, kwa kuwa huko Kajiado huletwa kwa malori kutoka maboma ya Wamaasai na huuzwa. Kwa Shafi kinyesi cha mnyama ni najisi, na kitu najisi hakisihi kuuzwa, japokuwa yafaa kukitumia shambani. Wanazuoni wetu wametoa njia: mwenye nacho hupokea malipo kwa kuondosha mkono wake juu yake, na mwenye lori hulipwa kwa kazi yake ya kupakia na kuchukua. Imamu Malik na Imamu Ahmad wao wanaona kinyesi cha mnyama aliwaye ni tohara, na kwa kauli yao hapana uzito. Mboga iliyomea hapo si najisi. Ioshwe tu kilichogusana na samadi.

Khabari ya mkomamanga ni kuwa asubuhi ya pili tulichimba mfereji mimi na yule binamu yangu, tukaupeleka kutoka penye pipa mpaka shinani. Mkaza-mjomba, naye yumo edani, alitutumia chai kwa mtoto. Juzi nimepigiwa simu kuwa matawi ya juu yamekatwa kwa kuwa hayakufufuka, na chini umetoa majani mapya.

Wallahu a'lam.