Shoka la Kuazima na Sinia Lililopasuka



Somo letu la Jumapili hii ni 2 Wafalme 6:1-7. Tunaomba kila familia ilisome nyumbani kabla ya ibada, watoto wakiwemo, maana ni hadithi fupi na wataipenda.

Wana wa manabii walibanwa na nyumba ndogo, wakaenda Yordani kukata miti wajijengee nyingine. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini na kuzama majini. Yule ndugu akapiga kelele. Hakulilia kazi iliyosimama. Alilia kwa sababu shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima.

Sisi tunaoabudu katika jengo la wenyeji wetu tunakijua kilio hicho. Viti ni vyao, jiko ni lao, na ile trekta ndogo ya kukatia majani ni yao. Walitukabidhi funguo wakatuomba jambo moja tu, tukate majani ya upande wa nyuma. Sasa ni wiki ya tatu trekta imekaa ghalani, imefunikwa turubai, na majani yamefika magotini. Tutarudi kwenye turubai hilo. Kwanza tuwapeleke Riyadh.

Baadhi yetu, kabla ya kufika hapa Marekani, tulikuwa wauguzi Saudia. Wengine walikuwa Riyadh, wengine Jeddah, na wengine walianza mji mmoja wakamalizia mwingine. Tuliokuwa Riyadh tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa hospitali. Ijumaa, wale ambao hawakuwa zamu walikutana sebuleni kwa mmoja wetu wakaomba kwa sauti ya chini, kwa kuwa kule hakuna jengo la kanisa. Kati ya waliokuja alikuwamo kaka mmoja kutoka magharibi mwa Kenya, mtunza bustani wa kambi. Hakuajiriwa na hospitali, bali na kampuni ya bustani iliyopewa kazi hiyo.

Mtu akisikia Riyadh hafikirii majani. Mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 100, basi. Lakini kambini kulikuwa na majani ya kijani kama ya chai, yakinyweshwa kila siku kwa maji yaliyosafishwa, na yalikua haraka. Kaka huyo aliyakata alfajiri. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya kule inakataza kazi za juani kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, na hata bila sheria hakuna anayeyataka yale majua. Tukitoka zamu ya usiku tulimkuta juu ya trekta yake ndogo, anatupungia mkono.

Chini ya tumbo la trekta ya namna hiyo kuna sinia la chuma. Mafundi huliita deki, ila kwetu deki ni ya kupiga sakafuni, kwa hiyo tutasema sinia. Ni kama sufuria pana iliyogeuzwa kifudifudi, na ndani yake visu vinazunguka, kila kisu kwenye mhimili wake uliofungwa kwa bolti. Siku moja kisu kimoja kiligonga kichwa cha bomba la kunyunyizia maji. Kikapinda kidogo tu. Kaka akaendelea na kazi. Lakini kisu kilichopinda hakizunguki kwa utulivu, hutetemesha kila kitu, na baada ya siku kadhaa chuma kikaanza kupasuka kuzunguka bolti.

Aliuona ufa, akauogopa. Mshahara wake ulikuwa mdogo, ikama yake ilikuwa mikononi mwa kampuni, na nyumbani kulikuwa na karo. Akasiliba grisi na vumbi, juu akapaka mabaki ya rangi ya kijani, akaendelea kukata kwa wiki tatu. Watoto wa kambi walicheza mita chache kutoka pale. Kipande cha chuma kikichomoka kwenye kisu kinachozunguka kwa kasi ile hakiulizi nani yuko mbele.

Ijumaa moja, wakati wa maombi ya mahitaji, akatuomba tumwombee lile sinia lisikatike kabla mkataba wake haujaisha. Tuseme kweli, tulikuwa tayari kuomba. Tulishainamisha vichwa. Ndipo mama mmoja kati yetu, mkubwa kwa umri, muuguzi wa vidonda, akasema, "Mwanangu, ngoja kwanza. Umepasuka upande gani? Twende utuonyeshe."

Tukashuka na tochi za simu. Mama akamwagiza alete brashi ya waya na mafuta ya taa, akasugua rangi yote mpaka chuma kikang'aa. Sisi manesi tunajua kazi ile. Kidonda kilichofunga juu na kina usaha chini hakihesabiwi kimepona, unakifungua na kupima kimeenda hadi wapi. Ufa alioufunika kaka ulikuwa wa urefu wa kidole. Ufa wenyewe ulikuwa wa kiganja kizima, umetoka kwenye bolti na kukaribia ukingo.

Kesho yake alikwenda kwa mudiri wake. Hakupokelewa kwa upole. Aliambiwa gharama yote itakatwa kwenye mshahara wa mwezi ule ule. Hapo wengine wetu tukafanya la kufanya. Sheria ya Kazi ya Saudia ya mwaka 2005, kifungu cha 91, inamruhusu mwajiri kukata gharama ya chombo kilichoharibika kwa kosa la mfanyakazi, lakini isizidi mshahara wa siku tano kwa mwezi. Tulimwandikia kifungu hicho kwenye karatasi kwa Kiarabu. Mudiri alisoma, akanung'unika, akakata kidogo kidogo. Tunayataja haya kwa sababu bado wapo ndugu zenu huko, na kukiri kosa hakumnyimi mtu haki yake.

Sinia lilifunguliwa, likapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Sinaiya, mtaa wa magereji, kwa fundi wa kuchomelea kutoka Pakistani. Mmoja wetu alikwenda, akakaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia. Jambo la kwanza fundi hakuchomelea. Alitafuta mwisho wa ufa, akauwekea alama ya chaki, kisha akatoboa tundu dogo pale pale unapoishia. Alieleza kwa ishara na kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: ufa usipozuiwa kwenye ncha yake utakimbia mbele ya moto. Baada ya hapo akauchimba mfereji kwa mashine ya kusagia, akachomelea vipande vifupi vifupi akiacha chuma kipoe kisipinde, na kwa chini akaongeza bamba la kuimarisha.

Kaka alidhani kazi imekwisha. Fundi akachukua kile kisu, akakitundika kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Upande mmoja ukashuka. Akacheka. Ukikirudisha hiki, akasema, mwezi ujao utaniletea ufa mwingine. Kikanunuliwa kisu kipya na beringi za mhimili ule.

Kuna jambo ambalo kaka hakulijua. Aliposema pale sebuleni, mmoja wetu alikuwa na ufa wake. Juma lililotangulia, katika zamu ya usiku, alimpa mgonjwa kidonge cha presha cha mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa kuwa majina yao yalifanana. Aligundua baada ya dakika chache. Alipima presha ya mzee yule kila nusu saa hadi alfajiri, mkono wake mwenyewe ukitetemeka. Mzee aliamka salama, akaomba chai. Na hakuandika chochote. Aliogopa leseni, aliogopa kurudishwa nyumbani, na wengine wetu tuliojua tulimwambia anyamaze. Sisi tuliokuwa tukipaka rangi juu ya ufa huo tulikuwa wengi.

Jumapili ile, siku ya kazi kule, alikwenda kwa muuguzi mkuu na kueleza. Alipewa barua ya onyo, na iliingia kwenye faili lake. Hatutasema kwamba haikumuuma. Lakini wiki hiyo hiyo wagonjwa wenye majina yanayofanana walitenganishwa vitanda na mafaili yao yakawekwa alama nyekundu. Lingetokea tena kwa mwingine, na huenda mzee mwingine asingeamka kuomba chai.

Tazameni Elisha. Yule ndugu wa shoka alikuwa na hofu ya deni. Mtu wa Mungu hakumhoji kwa nini mpini ulilegea, wala nani alimruhusu kuazima. Alitaka kuonyeshwa mahali lilipozama. Akaonyeshwa. Ndipo kijiti kikatupwa, pale, si mahali pengine mtoni, na chuma kikaelea. Kisha akamwambia mwenye shoka alichukue mwenyewe, naye akanyoosha mkono wake.

Baadaye kampuni ilimhamishia kaka Jeddah, zaidi ya kilomita 900, kando ya Bahari ya Shamu. Kule sinia halipasuki, linaliwa. Hewa ni ya chumvi na unyevu, na majani mabichi yakigandamana chini ya sinia bila kuoshwa, kutu inatafuna polepole kutoka upande usioonekana. Alitupigia simu. Alisema amekuta sinia jembamba kama karatasi, ukichomelea moto unatoboa. Amekwisha kumwambia mudiri siku ile ile, na wameenda Haraj al-Sawarikh, soko la vitu vilivyotumika, kutafuta jingine. Tulimuuliza kama amekatwa. "Safari hii hapana, dada zangu. Nimelikuta hivyo, na nilisema mapema."

Nyumbani kwetu hapa mnajua nyufa zilipo. Yupo baba ambaye saa zake za kazi zimepunguzwa tangu mwezi uliopita na mama watoto hajui. Yupo kijana mwenye barua ya shule iliyokunjwa ndani ya kiatu. Yupo mama anayekopa kwa kadi ili atume pesa nyumbani. Hatuwataki mtangaze madhabahuni. Mwonyesheni mtu mmoja, kwa tochi, ufa umefika wapi.

Na ile trekta. Wiki iliyopita tulifunua turubai. Sinia limepasuka kwenye bolti ya mhimili wa kushoto, na mtu ameuziba ufa kwa gundi ya chuma. Hatuulizi ni nani. Wenyeji wetu bado hawajaambiwa, na kosa hilo ni letu sote tuliopita pale tukaona turubai tukanyamaza. Wazee wawili watakwenda kwa mchungaji wao Jumatatu jioni. Jumamosi saa 3 asubuhi tunahitaji watu wanne wa kulifungua na kulibeba, pamoja na mwenye pikapu. Yule aliyeweka gundi anakaribishwa zaidi ya wote, maana ndiye anayejua kisu kiligonga nini, na mahali gani uwanjani.