Nani Atamuuliza Mpaka Rangi?

Je, kukitengeneza kitu mpaka mtu asijue kwamba kiliwahi kuharibika ni ufundi au ni uongo? Ndugu msomaji, usiniambie kwamba hili ni swali la watu walioshiba. Mjini hapa tunalijibu kila siku bila kulitamka. Kiatu kikichanika kinashonwa, kinapakwa rangi, kinarudi sokoni kama kipya. Simu ikipasuka kioo inabadilishwa, halafu mshkaji anauziwa kwa kiapo kwamba haijawahi kudondoka. Wote tumo humo, ama tunauza ama tunauziwa.

Mimi nitalijadili kwa bampa la gari, kwa sababu ndilo ninalolijua. Tangu nimalize kidato cha nne, mchana napaka rangi magari ya watu uani kwetu, Dar es Salaam, na usiku naandika riwaya ambayo haijaisha. Gereji sina. Nina kompresa ndogo ya kuazima, bunduki ya rangi, ndoo mbili za maji na kamba ya kuanikia.

Watu hudhani kazi yenyewe ni kupuliza rangi. Kupuliza ni saa moja tu, bwana! Kazi ni yale yanayotangulia. Kwanza bampa linafunguliwa na kuoshwa kwa sabuni, kisha linafutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta, maana alama ya kidole tu inatosha kuifanya rangi ikatae kushika. Ufa unaunganishwa kwa nyuma, kwa waya na pasi ya moto. Mbele linapigwa puti, na iwe puti ya plastiki, ile inayokubali kupinda kidogo. Puti ya bati ni ngumu mno, bampa likitikisika inapasuka. Halafu ni msasa: namba 180 kusawazisha puti, 400 kufuta mikwaruzo ya 180. Plastiki iliyobaki uchi inapata dawa yake ya kushikia rangi, kisha praima, kisha msasa tena, namba 600 au 800, kwa maji. Hapo unafumba macho na kupitisha kiganja. Jicho hudanganyika upesi. Kiganja kinagundua bonde ambalo jua la mchana limelificha.

Rangi yenyewe haikisiwi. Namba yake imeandikwa kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota nyingi utakiona kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Unapuliza tabaka jembamba, kwa umbali wa sentimita 15 mpaka 20, unasubiri dakika 10 au 15, ndipo unarudia. Rangi ya silva ndiyo yenye visirani, kwa sababu ina chembe za alumini: mkono ukisogea karibu hapa na mbali pale, chembe zinalala tofauti na bampa linatoka na mawingu. Mwisho ni klia, ile vanishi ya juu inayoleta mng'aro na kuikinga rangi isiliwe na jua. Klia ya kuchanganya na hadina ina sumu inayoweza kuharibu mapafu, na kitambaa cha puani hakiizuii. Kwa hiyo navaa barakoa yenye chujio, na watoto wa nyumba nzima wanahamishwa upande wa pili.

Ukiyafuata hayo yote kwa subira, hakuna atakayejua. Na hapo ndipo swali langu linapoanzia.

Jirani yetu mmoja, mtu mzima ninayemwita kaka kwa heshima, aliligonga daladala kwa nyuma. Mwendo ulikuwa mdogo, bampa likapasuka upande wa kushoto. Akaniletea. Nilipolifungua nikaona kilichokuwa nyuma yake. Sponji ngumu ya kupokea kishindo imevunjika vipande viwili, na chuma kinachokaa nyuma ya sponji kimepinda kuelekea kwenye rejeta. Ieleweke kwamba lile plastiki tunalolipaka rangi ni sura tu. Ajali ikitokea, kinachopokea kishindo ni sponji na chuma.

Nikamwambia, "Kaka, hili plastiki nalitengeneza, lakini chuma kinataka kubadilishwa."

Akacheka. "Mdogo wangu, gari nauza. Wewe paka rangi, maneno niachie mimi."

"Na mteja akiniuliza?"

"Nani atamuuliza mpaka rangi?"

Maneno hayo yamenikosesha usingizi kuliko riwaya yangu. Ni kweli, mpaka rangi haulizwi. Mteja huuliza injini inakunywaje mafuta na bei ya mwisho ni ngapi, kisha anapitisha kiganja kwenye bampa, analiona laini, anaridhika. Kazi yangu nzuri ndiyo itakayomfanya asiulize. Ningelipaka ovyo, angeshtuka na kuinama kuchungulia.

Mjadala huu ni wa kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi aitwaye Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu. Humo ameeleza habari za muuza nyumba anayejua kwamba nyumba yake ina kasoro ambazo hakuna mwingine anayezijua. Je, awaambie wanunuzi? Cicero analeta wanafalsafa wawili. Antipater anasema lazima aseme, kwani kunyamaza ni kumwacha mwenzako apotee njia kwa makusudi. Diogenes wa Babeli anasema hakuna aliyemlazimisha mnunuzi; ana macho yake, na kutosema si sawa na kuficha. Cicero mwenyewe anaishia kuwa upande wa Antipater. Mjini kwetu Diogenes ana wafuasi wengi zaidi, nao husema kwa kifupi: mjini shule.

Nakiri kwamba hoja ya Diogenes ina uzito. Tukisema kila kovu litangazwe, nani atapona? Binti aliyeugua akapona, lazima abandike cheti mlangoni? Kijana aliyetoka jela akashika kazi ya halali, ajitambulishe kwa kosa lake kila asubuhi? Hapana. Kitu kilichotengenezwa kikatengenezeka kina haki ya kusahauliwa ubovu wake. Laiti chuma cha kaka kingekuwa kimebadilishwa, ningelipaka bampa lile mpaka ling'ae kama kioo, nisingemwambia mtu neno, na nisingekuwa mwongo.

Basi tofauti iko wapi? Naiona hapa: kuna rangi inayofunika kidonda kilichopona, na kuna rangi inayofunika kidonda kibichi. Ya kwanza ni sitara, na sitara ni uungwana. Ya pili ndiyo ile ya wahenga: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa jicho la mpita njia zote mbili ni sawasawa. Anayeweza kuzitofautisha ni yule aliyelifungua bampa. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma ya maneno "sikuulizwa". Aliyeona ndani ana deni kwa asiyeweza kuona, hasa kama asiyeona ndiye atakayeketi mbele ya kile chuma, pengine na mwanawe kiti cha pembeni.

Wenzangu mnaoandika, haya yanatuhusu. Sisi nasi tunapiga msasa sentensi. Sioni ubaya msomaji asipozijua rasimu kumi zilizotupwa. Huo ni msasa wetu, haumhusu. Ubaya ni pale tunapojua kwamba sura nzima ni ya uongo, mhusika hana roho, halafu tunaipulizia tamathali za semi ing'ae. Hapo msomaji anasifu lugha, na lugha ndiyo iliyomzuia kuuliza.

Kuhusu kaka, nimemwambia hivi: klia sipulizi mpaka chuma kibadilishwe, au mteja aambiwe mbele yangu. Amekasirika. Salamu zake siku hizi ni za juu juu, na pesa ile niliitegemea kulipia steshenari wanichapie muswada. Mama anasema najitia hakimu kwa gari lisilo langu. Labda. Ila mikono ni yangu. Bampa linaning'inia uani na silva yake isiyong'aa, kwani rangi bila klia hufifia, na likikaa sana itanibidi kulipiga msasa na kuanza upya. Niko tayari kuanza upya.

Wewe, ndugu msomaji, ungepuliza?