Mwani na Mkono Unaoulisha

Hakuna mmea unaozaliwa ukiwa gugu. Kwetu Kidahwe, mchikichi ulioota shambani ni mali. Ukiota wenyewe katikati ya uwanja unakatwa bila mjadala. Mti ni uleule. Kilichobadilika ni mahali uliposimama na mipango ya mwenye uwanja. Swali ninalotaka kuuliza ni hili: tunapokiita kiumbe gugu au uchafu, tunasema jambo juu ya kiumbe chenyewe, au tunajisema sisi?

Swali hili nililetewa na mwani. Mjomba wangu wa Dar es Salaam ana tangi dogo la samaki wa maji chumvi sebuleni, la lita 60 hivi. Lilianza na utando wa kahawia kwenye kioo, zikafuata nyuzi za kijani juu ya mawe, kisha utelezi mwekundu uliofunika mchanga. Akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

“Mama, wewe si ndiye msomi wa mambo ya maji? Nitajie dawa ya kuua uchafu huu.”

“Mjomba, samaki unawalisha mara ngapi?”

“Mara tatu. Wakiniona wanakuja wote kwenye kioo. Nitawanyimaje?”

“Na taa?”

“Taa haizimwi mpaka nikalale.”

Mwani hauhitaji makubwa: mwanga, naitrojeni na fosforasi. Chakula kisicholiwa huoza, kinyesi cha samaki nacho huoza, na maji hugeuka mbolea. Baharini mbolea hiyo ingetawanywa na mawimbi na kugawanywa kwa midomo mingi. Katika lita 60 haina pa kwenda. Dawa ingeua mwani, kweli. Lakini mwani uliokufa nao huoza, ukala hewa wanayovuta samaki na kurudisha mbolea ileile majini. Mjomba angekuwa ameua shahidi na kumwacha mhalifu. Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti kwa Walele wa Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966, *Purity and Danger*, kwamba uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake. Nakubaliana naye, ila nadhani safari haiishii hapo. Kujua kwamba kitu hakipo mahali pake hakutuambii nani aliyepatengeneza mahali hapo, wala nani aliyekiita kije. Kwenye tangi la mjomba, mwani ulikuwa jibu. Swali liliulizwa na taa na mkono wenye chakula.

Ukitoka Kidahwe ni safari fupi ya gari hadi Ziwa Tanganyika, na huko mwani una heshima nyingine. Chini ya maji ya pwani zenye mawe, miamba imevaa mwani mfupi kama mahameli. Samaki wa jamii ya Tropheus, ambao husafirishwa kutoka Kigoma kwenda kupamba nyumba za Ulaya na Marekani, hushinda wakiukwangua mwani huo kwa meno. Haupati nafasi ya kuwa kero, kwa sababu mbolea ni haba na walaji ni wengi. Mbali na mawe, mwani mwingine mdogo usioonekana kwa macho huelea ziwani. Huliwa na vijidudu, na vijidudu huliwa na dagaa. Dagaa anayeanikwa Kibirizi alianza kama mwani.

Na mwani huo unapungua. Mwaka 2003, watafiti walioandika katika jarida la *Nature* walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Sababu yake ni joto: maji ya juu yakipata moto hukaa juu kama mafuta, na rutuba iliyo vilindini haipandi kirahisi. Kwa hiyo wakati mjomba anatafuta dawa ya kuua mwani, mama muuza dagaa wa Kigoma ana kila sababu ya kuuombea uzima. Ziwa Victoria nalo linaumwa ugonjwa wa mjomba: mbolea na maji machafu kutoka nchi kavu yamelinenepesha mpaka mwani unalikaba.

Mtu anaweza kunijibu kwamba samaki anayekosa hewa hafarijiwi na falsafa. Ni kweli. Madhara ni madhara, na kukwangua kioo ni halali. Ninachokataa ni kukwangua na kudhani hukumu imekwisha. Mjomba alipunguza chakula, akafupisha saa za taa, akawa anabadilisha sehemu ya maji kila wiki na akaongeza konokono. Mwani haukuisha. Ulibaki mfupi, na sasa una wa kuula.

Ninachohofia zaidi ni neno “uchafu” linapotoka kwenye tangi na kuwafuata watu. Kidahwe ipo kwenye barabara ya Kasulu, ambako kambi ya Nyarugusu imepokea wakimbizi tangu mwaka 1996. Kwenye mabasi nimesikia wakisemwa kwa maneno ya mimea: wamezagaa, wameota kila mahali. Mijini machinga wakiondolewa, huambiwa jiji linasafishwa. Mtu si mwani, na hapo ndipo ubaya wa msamiati huu ulipo: unatuwezesha kumzungumzia mtu bila kuuliza ni vita gani vilivyomtoa kwake, au ni ajira gani iliyokosekana hadi akapanga bidhaa zake barabarani. Anayesema “safisha” amejipa ruhusa ya kutouliza, na mara nyingi yeye ndiye mwenye swichi ya taa.