Subira na Nafuu: Fikira juu ya Mgongo Unaouma

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mwenye imani, liko moja ambalo wanazuoni wameliandikia vitabu vikubwa walipozungumzia mauti, vita na tauni, lakini aghalabu hupitiwa kwa haraka linapohusu maumivu ya kila siku, yale yasiyoua wala yasiyoondoka: je, mja aliyepatwa na maumivu ya namna hii ayavumilie kwa kuwa yametoka katika kudura ya Mola wake, ama ainuke atafute nafuu, na akiitafuta, je, huko kutafuta si dalili ya kuchoka kusubiri? Nataka kulitazama swali hili katika kiuno cha mkulima, kwa sababu huko ndiko linakoulizwa kwa dhati, na kwa sababu naitakidi kwamba subira na kutafuta nafuu havivutani kamwe, bali kimoja ndicho kazi ya chenzake.

Myanga, katika Bumula ya Bungoma, magharibi ya Kenya, ni nchi ya miwa na mahindi, na tangu kiwanda cha sukari cha Nzoia kianze kazi mwaka 1978, mashamba mengi ya upande huo yamemtegemea mtu mwenye panga na mgongo wenye nguvu. Mtema miwa hana budi kuinama mpaka panga liguse shina karibu kabisa na ardhi, maana sukari nyingi zaidi imo katika sehemu ya chini ya muwa, na anayekata juu juu huiacha faida yake shambani. Kisha huinuka, hukata kilele, huambua majani, huulaza muwa katika fungu lake, akainama tena kuushika wa pili. Mwanamke anayepalilia maharage baina ya mistari ya mahindi hufanya kazi nyingine, lakini mgongo wake hauijui tofauti: jembe lina mpini mfupi, magoti yamenyooka, kichwa kiko chini ya kiuno, na saa zinapita. Mtazame anapomaliza mstari. Haunyoshi mgongo mara moja. Kwanza huweka kiganja juu ya goti, akangoja. Kisha huuhamishia mkono nyongani, akavuta pumzi, ndipo akainuka, na hata hapo hajawa wima. Baada ya hayo bado liko dumu la maji la lita 20 linalomngojea mtoni, na mtoto wa kubebwa, na sufuria ya kuepuliwa.

Mtu huyo maumivu yake yakipita miezi 3, matabibu huyahesabu kuwa ni maradhi sugu. Wala hayuko peke yake, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao duniani kuliko haya. Walakini wingi huo haumfariji, maana juu ya taabu ya kwanza huongezewa ya pili, nayo ni kutosadikiwa. Mguu uliovunjika hufungwa plasta na kila mtu akauona. Homa huonekana machoni. Lakini kiuno hakina jeraha, hakina uvimbe, hakina shahidi. Huenda mgonjwa akapata nauli, akafika mjini, akapigwa picha, na picha isionyeshe kitu, kwa kuwa katika kila wagonjwa 10 wa namna hii, takriban 9 haiwezekani kuwaonyesha kiungo kimoja na kuwaambia kwamba hapa ndipo penye ubovu. Hapo ndipo ndugu na majirani wanapoijaza nafasi iliyoachwa wazi na tabibu. Mmoja husema, "Mama, si juzi tu tulikuona sokoni ukitembea vizuri?" Mwingine hunong'ona kwamba ametupiwa kitu. Wa tatu, aliye mcha Mungu kuliko wote, humshauri ajichunguze, asije akawa na dhambi ambayo hajaitubia.

Huyu wa tatu ndiye anayenihuzunisha zaidi, kwa sababu Maandiko yamekwisha kumhukumu. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomjia Ayubu, walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana pasina kusema neno, na maadamu walikuwa wamenyamaza walikuwa marafiki wema; walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia kosa ambalo lingeyaeleza maumivu yake, wakawa mzigo juu ya mzigo. Na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu haimshukii Ayubu aliyelia, akalaani siku aliyozaliwa, akadai kusikilizwa. Yawashukia wale watatu waliokuwa wakimtetea Mungu kwa kumsingizia mgonjwa. Sioni namna ya kukisoma kitabu hicho kwa insafu kisha mtu akasimama mimbarini na kufundisha kwamba kiuno kinachouma ni ushahidi wa maisha mabaya.

Waislamu nao, ambao dini yao iliwafikia watu wa magharibi ya Kenya kwa njia ya Mumias pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wanamjua Ayubu kwa sifa ya subira, na katika habari zake zilizomo ndani ya Qurani liko jambo ambalo nadhani halijazingatiwa vya kutosha. Nabii huyu alimwita Mola wake akamshtakia dhara iliyompata. Na pamoja na kushtaki huko, Mola mwenyewe akamshuhudia kwamba ni mwenye kusubiri. Basi kushtaki kwa Mungu hakuiharibu subira. Tena, alipojibiwa, hakuambiwa alale angoje. Aliamrishwa apige chini kwa mguu wake, na kwa pigo hilo yakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Mwenye uwezo wa kuyatoa maji hayo pasipo mguu wa mtu alitaka mguu wa mgonjwa uwemo katika uponyaji wake.

Sisemi kwamba aya hiyo ilikuja kufundisha utabibu. Nasema kwamba inatuonyesha subira kuwa ni tendo, na katika jambo hili la mgongo utabibu wa leo umefika pale pale kwa njia yake. Zamani mgonjwa wa kiuno aliambiwa alale kitandani mpaka apone. Sasa yajulikana kwamba kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoushika uti wa mgongo, hukaza viungo, na kumzidishia mtu hofu ya kuinama, na hofu hiyo yenyewe huyalisha maumivu. Mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu katika tahadhari huendelea kupeleka habari ya hatari hata baada ya hatari kupungua, kama mbwa aendeleaye kubweka ilhali mwizi amekwisha ondoka. Na mbwa huyo hanyamazishwi kwa kufungiwa, bali kwa kuzoezwa polepole kwamba ua ni salama. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2023 ulitanguliza elimu kwa mgonjwa, mazoezi ya mwili, kukandwa na kunyoshwa kwa mikono ya mjuzi, na msaada wa nafsi, ukaruhusu baadhi ya dawa za kutuliza, na ukashauri wagonjwa walio wengi wasipewe mikanda ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Kutembea kila siku hata kama ni mwendo mfupi. Kulala chali na kuvuta goti moja moja hadi kifuani. Kuinua mzigo kwa nguvu ya mapaja, ukiwa umeukaribisha mwilini. Kuligawa dumu moja katika madumu mawili madogo. Kupalilia kwa kupokezana na kazi ya kusimama: haya ni mambo madogo, hayana muujiza, na anayeyafanya leo hayaoni matunda yake kesho. Yahitaji kurudiwa asubuhi baada ya asubuhi na mtu asiyeona mabadiliko. Ikiwa hiyo si subira, sijui subira ni nini.

Lipo pingamizi la kale, kwamba anayekimbilia dawa hakumtegemea Mungu kwa ukamilifu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijibu katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini kwa kuzigawa sababu katika daraja tatu: za yakini, kama mkate kwa mwenye njaa na maji kwa mwenye kiu, za kudhaniwa, kama dawa za matabibu na kuumikwa, na za kuwazika tu, kama kuchomwa kwa moto na kuzinguliwa kwa maneno. Za kwanza kuziacha mpaka mtu akafa ni haramu, za pili kuzitumia hakupingani na tawakali, na za tatu mwenye tawakali huziepuka. Mizani hiyo bado yafaa. Mkandaji wa kijijini mwenye mikono ya ustadi asidharauliwe, maana kazi yake ina nafasi hata katika miongozo ya leo; lakini chale juu ya kiuno kwa wembe uliotumiwa na wengine, ama sindano za diklofenaki zinazodungwa dukani wiki baada ya wiki bila ya kujua kwamba zatoboa tumbo na kuharibu figo, hizo si tawakali wala si tiba. Na ziko dalili ambazo mtu akiziona asingoje mkandaji wala ibada ya Jumapili: ganzi baina ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo ama haja kubwa, miguu kulegea, homa isiyokwisha, kukonda pasipo sababu, ama maumivu yaliyoanza kwa kuanguka. Nyuma ya dalili hizo huenda pakawa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ama homa ya bruselosi itokayo katika maziwa mabichi, na kila siku inayopotea ina gharama yake.

Ama kwa wale wanaohubiri uponyaji kamili, wa papo hapo, kwa kila aliye na imani, nawaomba wakumbuke mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipomiminika Samunge, katika Loliondo ya Tanzania, wakiwamo wengi waliotoka Kenya, ili wanywe kikombe kimoja cha dawa ya Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500 za Tanzania. Watu walilala barabarani. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko. Wapo waliofariki wakiwa katika foleni. Silaumu kiu yao. Naona tu jinsi mwanadamu anayeambiwa kwamba ni lazima apone kabisa anavyoweza kuidharau nafuu ndogo iliyo karibu naye kwa kuifuata afya kamili iliyo mbali. Paulo, aliyeomba mara 3 aondolewe mwiba wake wa mwilini, hakuondolewa, wala hakuna Mkristo anayethubutu kusema kwamba Paulo alipungukiwa na imani. Alipewa neema ya kuendelea na kazi yake mwiba ukiwamo. Mwenye mgongo mbovu aliyeweza jana kukaa nusu saa na leo akakaa saa nzima, aliyelala usiku bila ya kuamka, aliyemwinua mjukuu wake, amepewa kitu chenye thamani kamili mbele ya Mungu, na asihimizwe kukihesabu kuwa si kitu kwa sababu maumivu bado yapo.

Imebaki haki moja ya mgonjwa isiyohitaji fedha wala hospitali. Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu iliyaeleza upya maumivu ni nini, na katika maelezo hayo ikasisitiza kwamba habari atoayo mtu juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa. Wanazuoni wa sayansi wamefika hapo kwa utafiti. Sisi tulipaswa kufika mapema zaidi, maana tunaamini kwamba Mungu husikia kilio ambacho watu hawakioni sababu yake. Kumsadiki mwenye kuumwa ni ibada, na ibada hii ina matendo yake. Mhubiri na imamu waache kuuliza mgonjwa ametenda nini, waulize amelalaje. Mume anunue mpini mrefu wa jembe kabla ya kununua dawa, na mwana mwenye nguvu achukue dumu. Vikundi vya akina mama, ambavyo vimezoea kuchangiana fedha na kupaliliana mashamba kwa zamu, vimwekee mwenzao zamu ya kazi za kusimama bila ya kumtaka athibitishe kwamba anaumwa. Na mgonjwa mwenyewe aombe bila haya, atembee bila hofu, na apokee msaada bila kujiona kuwa amemvunjia Mungu ahadi.