Mlango Uko Wazi kwa Nani?



Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nje ya kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, hapa mjini kwetu, namngoja mjukuu wangu. Akafika mama mmoja kijana, mwenyeji wa Kasulu, muuza dagaa na mawese sokoni, amemshika mkono mtoto wake wa miaka mitatu. Mlezi akamwuliza mtoto jina lake kwa Kiswahili. Mtoto kimya. Akamwuliza tena, mtoto akajificha nyuma ya khanga ya mama yake. Basi mlezi akasema, kwa upole kabisa, "Mama, mrudishe kwanza nyumbani. Akishajua Kiswahili umlete." Mlangoni pale pamebandikwa karatasi: WATOTO WOTE WANAKARIBISHWA.

Je, mlezi yule alimbagua mtoto? Mwenyewe angesema la hasha. Ada ni moja, uji ni mmoja, masharti ni yale yale kwa kila mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa lugha yake, au kwa kuwa mkimbizi, lakini naamini hakuona kwamba ameigusa.

Nakiri kwamba nami nimepita njia hiyo. Nilipotoka chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipangiwa shule moja ya kijijini iliyokuwa na watoto wa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupelekwa Ulyankulu. (Wengi wao ni raia wenzetu sasa, vyeti walipewa mwaka 2014.) Mtoto mmoja wa darasa la kwanza hakujibu swali langu hata moja muhula mzima. Nikaandika katika kitabu: mzito wa kuelewa. Siku moja nikamkuta nyuma ya shule anawagawia wenzake maembe, anahesabu kwa Kirundi, na kila mmoja akapata sawa na mwenziwe. Yalibaki mawili, akaomba kisu ayakate vipande. Hesabu hiyo mimi nilikuwa sijaifikia darasani. Nilifuta maneno yale, ila mwaka ulikuwa umekwisha.

Najua nitakavyojibiwa: Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Kweli tupu, na sisi wa Tabora hatuwezi kubisha. Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu wa Omani na watu wa pwani wangepatanaje bei hapa Unyanyembe, enzi za misafara, bila lugha ya pamoja? Lakini wale walikuwa watu wazima, nao walijifunza papo hapo, sokoni na njiani, kila mmoja akimsogelea mwenzake kidogo. Hakuna aliyeambiwa akajifunze kwao kwanza ndipo aje.

Basi wakikutana wawili wasioelewana, mmoja mtu mzima mwenye mshahara, mwingine mtoto wa miaka mitatu, nani apige hatua ya kwanza? Mimi nasema ni yule mwenye miguu mirefu. Na hatua yenyewe si ndefu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kama vile Kinyamwezi na Kisukuma. Katika mitaa yetu hapakosekani bibi wa Kiha awezaye kuja asubuhi kwa wiki mbili tatu za mwanzo, amwonyeshe mtoto choo kiliko, amwambie kwamba mama atarudi. Kiswahili atakiokota mchezoni kwa wenzake, tena upesi kuliko sisi walimu tunavyofundisha. Kumwambia akijue kwanza nyumbani, katika nyumba isiyokisema, ni kumtuma maji bila ndoo.

Mlezi nimekwisha kuzungumza naye. Amesema atamwuliza mwenye kituo.

Yule mama nilimwona juzi sokoni. Mtoto alikuwa amelala juu ya gunia chini ya meza, kati ya madumu ya mawese. Nikamwuliza habari za kituo. Akacheka tu, akanipimia dagaa.

Mwalimu mstaafu, Chemchem